Threlbeck wa Mwisho na Mstari Mwekundu

Katika Uingereza nzima jina la Threlbeck lilibaki kwa mtu mmoja tu: Agnes, ajuza wa miaka sabini na minane, hakuolewa wala hakutaka.

Kila Novemba wachungaji wa bonde letu hukutana nyuma ya baa kurudishiana kondoo waliopotea milimani. Kila ukoo una chale yake kwenye sikio la kondoo na rangi yake mgongoni, na mwenye alama ndiye mwenye malisho.

Mwaka ule jirani yake, Wilf Dockray, alimshika pembe kondoo jike wa Agnes mwenye mstari mwekundu, akakataa kumwachia.

"Alama hii ni yetu," alisema. "Threlbeck ndio nani? Makaburi yenu hayafiki hata nusu ya yetu. Mlidondoka na mvua, bibi wee?"

Watu wakacheka. Mzee wa mkutano akaamua: kasisi alete daftari la kanisa. Jina na alama visipoonekana humo, mlima anakolisha Agnes ni wa Dockray leo hii.

Agnes alikaza fimbo mpaka vidole vikamwuma. Kusoma hakujua zaidi ya jina lake, lakini yaliyomo daftarini aliyajua. Bibi yake alimwambia, akamwapisha asiyatoe mdomoni. Akikataa yasisomwe, mlima umekwenda. Yakisomwa, aibu ya ukoo iko uwanjani.

Kasisi akalileta, akalifunua. "Bi Agnes, hapa... nikusomee pembeni?"

"Soma hapahapa. Kiziwi naye asikie."

"Mtoto wa kiume, ameokotwa kwenye theluji kando ya kijito cha Threlbeck, kafungwa blanketi jekundu. Kwa kuwa hana kwao, bonde zima limempa jina la kijito na mstari mwekundu kwa kondoo wake, yeye na uzao wake."

"Kumbe wa kuokotwa!" Dockray akaangua kicheko. Safari hii alicheka peke yake.

"Ndiyo, wa kuokotwa," alisema Agnes. "Wewe jina lako ulilikuta kitandani. Letu tulipewa na bonde zima, babu zako wamo. Haya, mwachie kondoo wangu."

Dockray akamtazama mzee wa mkutano. Mzee akanyoosha kidole kuelekea kwenye ile pembe. Mkono ukafunguka.

Agnes alipofariki, miaka sita baadaye, alizikwa kama alivyoagiza. Jiwe lake lina jina, na chini yake: wa kuokotwa.