Choo cha Nusu Bei

Mume wangu anaandika uongo kwa brashi, na anauandika vizuri. Ndiyo kazi yake. Ukipita katikati ya mji msimu wa sikukuu ukaona kitambaa chekundu kimetandazwa mbele ya duka, OFA KABAMBE, KILA KITU LAZIMA KIONDOKE, ujue huo ni mkono wake. Herufi zake zimenona, zina kivuli kwa chini, na ile alama ya mshangao anaichora nene kama rungu. Mtaani hawamwiti tena jina lake. Wanamwita Nusu Bei, na akiitwa hivyo anageuka meno yote nje.

Mimi ni mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Kutwa nzima napokea mashuka ya watu nisiowajua, na nikilitandaza tu shuka pua yangu inajua mlalaji alikula nini na alitapikia wapi. Sitaki kueleza zaidi, huenda msomaji yuko mezani. Nasema tu kwamba mimi si mtu wa kuziba pua kwa vitu vidogo.

Ninachokichukia kuliko mashuka yote ni hiki. Mwenye duka akimwita mume wangu kuandika bango, mara nyingi hana hata hiyo bei ya zamani. Anamwambia, "Fundi, weka namba yoyote hapo juu, halafu ipige mstari." Basi mume wangu ndiye anayeitunga. Anakikodolea macho kitanda au jiko, anakunja uso kama mtu mwenye hesabu nzito, anaandika namba kubwa, anaikata kwa wino mwekundu, na chini yake anaweka bei ile ile ya siku zote. Analipwa, anafunga makopo yake, anakuja kulala. Kesho yake anarudi pale pale kama mteja, anakinunua kile kitu, na anaingia nyumbani akihema.

"Mke wangu, hukuona ilivyoshuka!"

"Namba si umeiandika wewe mwenyewe?"

"Niliiandika, ndiyo, lakini si hovyo hovyo. Nilikadiria."

Nyumba yetu imejaa makadirio yake. Sakafu ya jikoni ina vigae vya rangi tatu kwa sababu vilikuwa mabaki ya maboksi matatu. Ukuta wa sebuleni una rangi iliyokosewa kuchanganywa dukani ikauzwa kwa bei ya kutupwa, na kama unataka kujua ni rangi gani, kohoa asubuhi ukiwa na mafua. Zulia lilikuja na harufu ya mbwa wa watu. Pazia la bafuni lilikuwa na nywele ndefu, nyeusi, zimenata kwenye pindo, na nilipomwonyesha alizivuta kwa vidole vyake viwili akaziangusha chini, akasema, "Sasa halina." Haambiliki, hasemezeki. Na usimwonee huruma, maana ni mtu mwenye raha zake. Anaupenda mji huu kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Mwaka huu, hata hivyo, kulikuwa na jambo la maana. Mama yangu alikuwa ahamie kwetu.

Mama alikuwa akiishi kwa kaka yangu, na kule choo ni cha kuchuchumaa, kiko nyuma ya ua. Magoti ya mama hayakunjiki tena. Akienda lazima ashikwe, na kwa kuwa mke wa kaka hushinda kazini, anayemshika ni kaka, mtoto wake wa kiume, huku ameangalia pembeni. Mama hakulalamika. Aliacha tu kunywa maji mchana. Niligundua siku moja nilipomwona amepasuka midomo, na glasi iko pembeni imejaa, haijaguswa. Nilirudi nyumbani siku ile nimeshakata shauri. Nikamwambia mume wangu mama anakuja kwetu baada ya sikukuu, na kabla hajahamia nataka choo cha kukalia, ndani ya nyumba, kipya.

"Kipya," nikarudia. "Sijasema cha ofa."

"Kwa mama? Mimi ninunue ofa kwa mama?" Akaweka mkono kifuani. "Unanionaje wewe?"

Nilikuwa namwona vizuri sana.

Tukamleta mama mapema kidogo, atembee mjini na sisi katika shamrashamra za sikukuu, kisha arudi kufungasha vitu vyake. Alitaka kitu kimoja tu. Alikuwa amesikia kwamba kwenye bustani ya jiji kuna maji yanayorushwa juu kwa mashine, yana taa za rangi na muziki. Alivaa gauni lake la zambarau na viatu vyenye kifundo cha utepe, akajipaka mafuta mpaka akang'aa. Tukatoka.

Watu husifu sana mji wakati wa sikukuu. Mimi niliuona jioni ile na nusura nirudi nyumbani. Kila duka lilikuwa na spika yake mlangoni na kila spika inaipigia kelele mwenzake. Watoto walikuwa wanakimbia na aiskrimu imewachuruzika mpaka viwikoni, wanajipangusa kwenye nguo za wapita njia. Hewa ilikuwa nzito kwa mafuta ya kukaangia yaliyochoka. Mbele ya mlango wa benki mtu alikuwa ametapika, na watu waliovaa vizuri wakawa wanaruka pale mmoja mmoja huku wanacheka. Mume wangu alikuwa peponi. Alimshika mama mkono, akawa anamsomea mabango.

"Lile langu, mama. Na lile pale langu. Lile siyo langu, angalia herufi zilivyolala."

"Nzuri, baba," mama akasema. "Na maji yako wapi?"

"Yako mbele hapo. Tupitie dukani mara moja tu."

Nikajua tumekwisha.

Lilikuwa duka kubwa la vifaa vya ujenzi, limejaa familia nzima nzima zimevaa nguo za sikukuu na kusukumana katikati ya masinki. Vyoo vilipangwa mbele, juu ya jukwaa lenye zulia, kama viti vya wageni rasmi. Mume wangu akamwongoza mama hadi kwenye kimoja.

"Mama, hebu kaa hapo kidogo. Tupate kipimo cha magoti."

"Hapa?" Mama akatazama huku na huku. "Mbele za watu?"

"Kila mtu anajaribu, mama. Ni kama viatu."

Mama akakaa. Akaweka mkoba mapajani, akaangalia mbele kama aliyeko kwenye foleni ya daktari. Watu wakapunguza mwendo. Mwanamke mmoja akatoa simu akampiga picha, nikamtolea macho mpaka akairudisha mkobani. Nilikuwa namsogelea mama nimwinue pale harufu iliponifika.

Mtu wa kazi yangu hakosei. Ilitoka kwenye choo cha jirani, kile kilichofunikwa. Mume wangu akafunua kifuniko.

Mtoto wa watu alikuwa amebanwa, na wazazi wake, Mungu awalipe, walikuwa wamemkalisha pale. Choo hakikuwa kimeunganishwa na bomba lolote. Mzigo wote ulikuwa umekaa palepale, mbichi, na juu yake kulikuwa na karatasi ya tangazo waliyompangusia. Ilikuwa imechapwa kutoka kwenye mchoro wa mume wangu. Neno OFA lilikuwa bado linasomeka.

Msichana wa mauzo alifika, akachungulia, akavuta kola ya shati hadi puani na kuanza kulia. Nilimwambia mume wangu twende. Hakunisikia. Alikuwa ameshaanza kutabasamu tabasamu ninalolijua, lile la siku ya zulia.

"Niitie meneja," akamwambia yule binti.

Meneja akaja amebana pumzi. Mume wangu akamuuliza sasa choo hiki atamuuzia nani mwenye akili timamu. Meneja akashusha bei. Mume wangu akatikisa kichwa, akafunua kifuniko tena, akakiacha wazi. Meneja akashusha tena. Watu walikuwa wanaukimbia upande ule wa duka, na hawa wawili wamesimama katika uvundo ule wanapatana kama wako sokoni wamesimamia kuku.

"Fundi, hapo sishuki zaidi," meneja akasema. "Kioshe tu. Ni choo kizima, kitadumu miaka na miaka."

Mume wangu akashusha sauti. Sauti yake ikishushwa husikika mpaka mlangoni. Akamwonyesha mama kwa kidevu.

"Miaka ya nini, bosi? Mwenye kukitumia ndiye yule pale. Si unamwona? Yule ni wa siku chache tu. Nipe bei ya siku chache."

Meneja akamtazama mama, akacheka kwa puani, akakubali.

Mama alikuwa bado amekaa. Alikuwa ananyoosha pindo la gauni lake, ananyoosha, ananyoosha, na pindo lilikuwa limeshanyooka. Nikajiambia hakusikia. Nilitaka sana iwe hivyo.

Mafundi wa duka wakakimwagia kile choo maji kwa mpira uani, wakakifunga kwa nailoni. Gari la kubeba mizigo mume wangu aliliona ghali, kwa hiyo choo kikapanda teksi pamoja nasi. Bakuli lilikaa kwenye buti, tangi likakaa miguuni kwangu, na kifuniko, kwa kuwa kinavunjika upesi, kikawekwa mapajani mwa mama. Akakishika kwa mikono miwili juu ya lile gauni la zambarau. Tulipopita bustani ya jiji dereva alikuwa ameshika kasi.

"Yale pale maji, mama!" mume wangu akapaza sauti. "Umeyaona?"

Mama akageuza shingo. "Nimeyaona, baba."

Asubuhi yake mama alikuwa amefunga mkoba wake. Alisema amesahau dawa kwa kaka, itabidi arudi. Nilijua dawa zimo mkobani kwa kuwa nilimpa usiku na kuzirudisha humo kwa mkono wangu. Nikamwitia teksi. Mume wangu akatoka mbio mlangoni kumpungia mkono na kumwambia, "Ukirudi utakikuta tayari, mama!"

Nilikiosha kile choo mwenyewe. Nilivaa glavu za mpira mpaka viwikoni, nikamwaga dawa ya madoa ile kali tunayotumia kwa mashuka ya wagonjwa, nikasugua kwa brashi, nikatoka nje kutapika, nikarudi. Nikasugua chini ya ukingo mahali ambapo jicho halioni. Nilipomaliza kilikuwa cheupe na hakikuwa na harufu hata chembe, hata kwa pua yangu. Fundi bomba akakifunga siku ile ile.

Nikampigia mama simu.

"Mama, choo kiko tayari. Unakuja lini?"

Nikasikia anavuta kiti.

"Mwanangu, mtu wa siku chache mnamsumbukia choo cha nini?"

Niliihamishia simu sikio la pili.

"Mwambie mkwe wangu asiumie moyo," akasema. "Amepata bei nzuri."

Nilipokata simu nilimfuata mume wangu uani, alipokuwa anaosha brashi zake, nikamtolea uvivu. Nilimwambia ananitia kinyaa. Nilimwambia yaliyokuwa mle chooni yameoshwa yakaisha, lakini yeye sijui nimwoshe kwa dawa gani. Alishangaa kwelikweli, na huo mshangao ndio ulionimaliza.

"Yale yalikuwa maneno ya kupatana tu! Ni kama ile bei ya juu kwenye bango. Nani anayaamini?" Akafikiri kidogo. "Na kweli si alishusha?"

Sitaki kumdhulumu. Alikwenda kuomba msamaha, tena peke yake, bila kusukumwa. Alimbebea mama ndara mpya za manyoya alizozitoa kwenye kapu la ofa. Zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Mama akazipokea, akamshukuru, akamuuliza hali ya kazi, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akabaki palepale alipo.

Sasa sikukuu zimepita na mabango yameshushwa. Kaka amefunga kamba kwenye ukuta wa choo chake, mama anaishika mwenyewe, na mchana bado hanywi maji. Kwetu choo kinafanya kazi vizuri mno. Hakivuji, hakizibi, maji yanashuka kwa kishindo na kujaa tena upesi. Wageni wakitoka humo wanakisifu, na mume wangu anawakalisha kwenye zulia la mbwa na kuwasimulia alivyomkaba meneja. Kile kipande cha mwisho cha mapatano hakisimulii. Nikiwa nimekaa nao, nasubiri nione kama siku moja atakisimulia.

Jumapili nilimpigia mama tena, nikamsihi kwa mara nyingine aje. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Kinafanya kazi hicho choo?" akauliza.

"Kinafanya kazi, mama."

"Basi kitunze, mwanangu. Magoti yako nayo yanakuja, na mumeo ni yule yule."