Kabula na mlio wa michembe

Leo nimeshindwa hoja na mtoto asiyeongea.

Mnanijua humu mtandaoni. Nilitangaza vita na mkate mweupe, mkanibishia, nikawajibu wote. Binti yangu Kabula, miaka sita, ana usonji, na mkate ndicho chakula pekee anachokubali. Nikauondoa nyumbani.

Tangu jana hajala kitu.

Asubuhi nimemchemshia michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, kwa karanga, mpaka ikalainika. Kaisukuma sahani ikaanguka.

"Baba Kabula, mrudishie mwanangu mkate wake," mke wangu akasema. "Huyu si mpinzani wako wa mtandaoni."

Nikavaa viatu niende dukani. Mlangoni nikasikia: kwach!

Kabula yuko kwenye gunia la michembe. Mikavu, haijapikwa! Anavunja kipande karibu na sikio, anacheka, anakitafuna. Anachukua kingine.

Kisha akaja, akanitia kipande mdomoni. Na yeye, asiyetaka kuguswa, akabandika sikio lake shavuni kwangu.

Nikatafuna polepole, machozi yananitoka.

Mkate nimeununua hata hivyo. Usonji uko palepale.

Leo bishaneni wenyewe. Mimi nina mtu wa kunisikiliza.