Mwanamke Anayetafuna Pazia

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango na mikanda ya video ilipoanza kumwagika Mwanza, mimi nilikuwa mtafsiri katika banda la video pale Igogo. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Lakini kipaza sauti nilikimudu, na watu walicheka.

Mkanda uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa vichekesho vya hospitali ya vichaa. Kulikuwa na mwanamke aliyetafuna pazia. Alikuwa anasema nini, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilitangaza, kwa sauti ya kidaktari kabisa, kwamba wagonjwa wa akili wote hutamani nguo, hasa zenye maua. Watu wakavunjika mbavu.

Wiki hiyo hiyo dada yangu, fundi cherehani, alitoka kulazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Alikuwa mzima: anakula, analala, anashona. Cherehani ndiyo iliyokuwa ikimrudisha kwa watu. Basi wateja wakaanza kuja mmoja mmoja, salamu nyingi, kuchukua vitenge vyao ambavyo bado havijashonwa. Mama mmoja alikikunjua chake juani akakagua pindo zote, akitafuta alama za meno. Dada alitazama tu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi mchana, banda limejaa, nikasimamisha mkanda pale pale penye pazia. Nikawaambia ukweli: Kiingereza sijui, habari ya nguo nimeitunga mwenyewe, dada yangu aliugua kwa hofu na kukosa usingizi, na kitambaa cha mtu hajawahi hata kukilamba. Nikaanza kulia, kipaza sauti kikiwa mdomoni.

Kisha mzee mmoja wa benchi la mbele akamwambia mwenye banda, kwa upole, "Mpokonye hicho kipaza sauti, asije akakitafuna."

Jumatatu vitenge vilirudi, na vipya juu yake. Wateja walimpa dada pole: masikini, kumbe siku zote anaishi na chizi. Mimi nikawa nasalimiwa kutoka ng'ambo ya barabara. Nilizunguka uani kutwa, nikijieleza kwa kila aliyeleta kitambaa, na kadiri nilivyojieleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa.

Mwishowe dada alinisogezea kigoda kando ya cherehani.

"Kaa, mdogo wangu," alisema, mguu ukiendelea kukanyaga. "Usijieleze. Ukijieleza ndiyo wanasema umezidiwa."