Paa la Tatu la Pierrette Ngoy

Mara ya kwanza upepo ulipobeba paa la Pierrette Ngoy, watu walimpa pole. Mara ya pili walimpa ushauri. Ushauri wa shemeji yake Gauthier ulikuwa mfupi: afunge vitu vyake, ahamie Mununga, akae uani kwake na kuwapikia watu wake.

Wazee wa kanisa wakawakalisha chini. Pierrette, mjane wa miaka arobaini na sita ambaye watu humwita Mama Chouchou, akasema mbele yao wote, "Nitaezeka mara ya tatu. Hili likienda, na mimi nitaenda." Neno likishatoka halirudi. Kuanzia siku ile nyumba yake ya tofali za udongo, ng'ambo kidogo ya Kafutuma, hatua tisini kutoka kwenye maji ya ziwa Mweru, ilikuwa yake mpaka upepo useme vingine.

Kiangazi kizima alikata nyasi. Matita mia na arobaini aliyasimamisha yakauke, na huku akikata alikuwa akitazama. Jirani yake Chilufya, mwanamke wa hapo hapo, alikuwa na kibanda cha kukaushia samaki ufukweni kabisa. Kiliezekwa kwa nyasi tupu, na miaka yote hakijawahi kuvuliwa kofia. Pierrette alikizunguka mara mbili, akasimama kwa vidole, akachungulia mgongo wa paa. Ndipo alipoona.

Kwao Mitwaba, milimani Katanga, fundi anapomaliza kuezeka hukunja nyasi za mwisho za mgongo wa paa kuelekea njiani. Ni heshima: nyumba imwinamie anayekuja. Félix, fundi wa watu wa kwao, alikunja hivyo mara zote mbili. Lakini huku njia inapita kando ya ziwa. Kwa hiyo ukingo wa lile kunjo ulitazama majini, mdomo wazi, na dhoruba ya Mweru haikuhitaji kubisha hodi. Chilufya yeye alikunja kuelekea mashambani, kisha akafunika paa lote kwa wavu mkuukuu.

Pande mbili za paa zilipokwisha kushonwa, Pierrette akamwambia fundi, "Sasa ukunje kwa kule, upande wa mihogo."

"Mama Chouchou!" Félix alishika kiuno. "Nigeuzie wageni mgongo? Watu watasema Félix amesahau kazi."

"Wageni wangu wanaingia kwa mlango, fundi. Hawaingii kwa paa."

Félix akachukua sindano yake ya mti, akaenda zake, mgongo wa paa umebaki wazi kama kidonda.

Sasa kwa watu wa kwao mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda, anakanyaga kichwa cha mumewe. Pierrette alijua hayo tangu utotoni. Alivaa suruali ndani ya kitenge, akaegemeza ngazi, akapanda. Chilufya aliishika ngazi kwa chini, huku anacheka mpaka ngazi inatikisika.

"Awe, bana Chouchou!" akamwita Mama Chouchou kwa lugha ya hapo. "Ukianguka, angukia upande wa samaki, tukukaushe!"

Habari za namna hiyo hazilali njiani. Siku ya pili, Pierrette akiwa bado juu, pikipiki ya Gauthier ikasimama mlangoni.

"Shuka! Unakanyaga kichwa cha kaka yangu!"

Pierrette alivuta kamba, akaifunga fundo kwanza. "Kaka yako tulimuzika kule kambini Kenani, shemeki, mwaka ule tulivuka mpaka. Mimi na wewe tulikuwa pale. Huku juu kuna nyasi tu, na mutu wa kuzishona amekimbia. Unataka kupanda wewe?"

Gauthier hakutaka kupanda. Alibaki akitazama wanawake wawili wakivuta wavu wa zamani juu ya nyasi, wakauteremsha pande zote, wakafunga mawe kwenye kingo zake.

"Nyumba imekuwa samaki?" akauliza.

"Samaki akiwa ndani ya wavu haendi popote," Pierrette akajibu. "Hata Mununga."

Chilufya aliketi chini kwa kicheko. Gauthier aliwasha pikipiki. "Bon. Tutaonana mvua ikija."

Mvua ilikuja Novemba, Jumanne mchana. Ziwa likawa jeusi, kisha likawa halionekani. Majirani walikimbilia kanisa lenye kuta nene, wakamwita. Pierrette hakwenda. Alikaa chini katikati ya nyumba, mkono kwenye nguzo, akausikiliza upepo ukipanda nyasi, ukitafuta pa kuingilia. Nguzo ilitetemeka kiganjani mwake. Mawe yakagonga kuta, ko, ko, ko, kama watu wenye hasira. "Tafuta," akauambia upepo kwa sauti. "Tafuta vizuri."

Kesho yake asubuhi Gauthier alifika na gari la kukodi la kubebea vitu. Njiani alikuwa ameona mabati ya nyumba za watu yamelala kwenye mihogo, akajua mambo yamekwisha. Alimkuta shemeji yake juu ya paa, anashonea upande wa ziwani palipong'oka nyasi za juu, upana wa ungo.

"Limetoboka," akasema upesi. "Mbele ya wazee ulisema likienda..."

"Limeenda wapi? Ingia. Tafuta maji."

Akaingia. Alipapasa godoro, akapapasa gunia la unga, akakanyaga sakafu kila pembe. Alipotoka, viatu vyake vilikuwa na vumbi. Dereva alipiga honi, anauliza vitu viko wapi vya kupakia.

"Sasa nitawaambia wazee nini?" Gauthier akauliza kwa sauti ya chini.

"Waambie ulichokipapasa. Wasipoamini, waje kulala hapa mvua ya kesho. Nitawatandikia." Akanyoosha mkono bila kumtazama. "Na sasa nipe hilo tita, shemeki, kabla mawingu hayajarudi."

Gauthier alilitazama gari, akalitazama tita. Akaliinua, akapanda ngazi vidato vitatu, akampa.