Kipimo cha thyroid nilichojipimia nyumbani kilininyima ngemi za mjukuu wangu

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni nyanya wa Kibugu, Embu. Shule niliacha mapema, kwa hivyo msinisahihishe spelling. Shikeni ukweli tu, sina haja ya kudanganya mtu.

Mwaka jana nilianza kusikia baridi hata jua likiwaka. Nikanenepa na sili. Sauti ikakwaruza. Jirani yangu Mama Njeru akanicheka, "Cucu," yaani nyanya, "umemeza chura?"

Nikasema ni uzee.

Ruguru, mke wa kijana wangu, alikuwa na mimba. Akaniambia, "Mama, hiyo si uzee. Twende hospitali wakuangalie thyroid." Hiyo ni kitu iko hapa kwa shingo. Ikilegea, mwili wote unalegea.

"Wewe zaa, wachana na shingo yangu."

Hakuchoka. Alipoenda clinic Embu town, akaniletea kit ya kujipima kutoka kwa chemist. Unadunga kidole, damu inaingia kwa kashimo, unaongeza dawa ya kachupa. Mistari miwili, uko na shida. Mmoja, uko sawa.

Chemist pia alisema hata ukipata mmoja na bado unajisikia vibaya, nenda hospitali. Hiyo sehemu sikutaka kuisikia.

Sasa, kidole cha mtu amechuma majani chai tangu akiwa msichana ni gome la mti. Nilidunga, nikafinya, ikatoka kitone kama jicho la sisimizi.

Mnajua nilifanya nini? Niliongeza maji. Vile maziwa ikiwa kidogo unaongeza maji ndio chai itoshe watu.

Mstari mmoja.

"Umeona?" nikamwambia Ruguru. "Niko sawa kukuliko."

Hayo maji hakuyaona, na sikumwambia.

Sauti ikaendelea kuisha.

Ruguru akazaa msichana, wa kwanza. Kwetu huyo anapewa jina la mama ya bwana. Yaani mimi. Na mtoto akiletwa nyumbani, cucu ndiye anapiga ngemi, vigelegele vya kusikika mpaka ng'ambo ya mto.

Gari ikasimama kwa lango. Nikafungua mdomo.

Ikatoka pumzi tu.

Mama Njeru aliniangalia. Siku hiyo hakucheka. Akapiga yeye. Jina langu likaingia bomani na ngemi za jirani.

Nilijipeleka hospitali mwenyewe. Lab wakatoa damu kwa mkono, wakasema thyroid iko chini kabisa. Sasa nameza tembe kila asubuhi kabla ya chai, na sauti imerudi. Hata kuku wanajua.

Juzi nilimpigia mtoto ngemi nikiwa nimembeba. Akashtuka, akalia.

Ruguru akasema polepole, "Mama, huyu alishafika."

Wakuu, kit haikuwa na makosa. Fuateni vile mmeelezwa, na kit ikisema uko sawa na mwili unakataa, aminini mwili, muende hospitali.

Wenye mmejipima nyumbani, semeni iliwaendea aje. Lakini mtu asiniambie eti ni uzee. Hiyo nilijiambia vya kutosha.