Dada yangu kanyweshwa mizizi miaka minne, kumbe wa kupimwa alikuwa shemeji

Wakuu, habari za humu.

Niko kidato cha tatu hapa Ujiji. Anayekuja kuniambia "dogo nenda kasome", nimesoma, ndiyo maana nina hasira. Na hii siyo chai, ni kweli tupu.

Dada yangu kaolewa Katubuka mwaka wa nne huu, mtoto hakuna. Mama mkwe kamnywesha kila mzizi unaouzwa soko la Mwanga. Akiharisha, anaambiwa dawa inafanya kazi.

Sasa shemeji kazi yake ni kupiga dawa ya wadudu kwenye mashamba ya nyanya. Kifua wazi, pampu mgongoni, na pampu yenyewe inavuja. Dawa inashuka mpaka ndani ya kaptula, anashinda nayo hivyo hivyo mpaka jioni.

Ukimwambia avae koti anakujibu, "Dogo, kwani mimi mdudu?"

Daah.

Juzi kati kikaitishwa kikao cha kumrudisha dada nyumbani kwetu. Nikaenda na baba.

Dada akasema, "Nitaondoka. Ila mume wangu apime kwanza."

Mama mkwe akaruka, "Apime nini? Humuoni alivyo dume?"

Mdomo ukanitoka. "Mama, wanapima mbegu, hawapimi kifua."

Baba alinikanyaga mguu mpaka leo nachechemea. Lakini shemeji kwa kiburi akasema twendeni hata sasa hivi.

Majibu ya hospitali: mbegu chache mno, na nyingi hazitembei.

Daktari akamuuliza kazi yake. Alipojibiwa, daktari akasema hawezi kuapa ni dawa peke yake, ila baadhi ya hizo dawa zinavuruga homoni.

Kwa mliokimbia bailojia: ubongo unatuma meseji, ndiyo homoni, kwenda kwenye korodani. Seli za kule zina vipokezi vya kuisoma, ndipo kazi ya kutengeneza mbegu inaendelea. Sasa kuna kemikali zinaziba kipokezi, meseji halisi haiingii. Nyingine zinajifanya homoni, kama yule tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Seli inaamini, inafanya ujinga.

Shemeji kaambiwa aache kuoga dawa, apime tena baada ya miezi kadhaa, maana mbegu mpya zinachukua muda. Dada kabaki kwake. Koti sasa anavaa, tena bila kusukumwa.

Kilichonichefua ni mama mkwe. "Haya mambo ni ya ndani, msimwaibishe mwanangu."

Ya ndani? Tumbo la dada lilijadiliwa mpaka kwenye harusi za watu, kwa sauti, yeye akiwa palepale na sahani ya pilau!

Nimeuliza hivyo, nimeitwa sina adabu.

Nilichojifunza: mtoto akikosekana, mnaenda kupima wote wawili. Na wapiga dawa, jifunikeni, huko chini hakuna spea.

Kikao cha kumfukuza dada kilijaza sebule. Cha kumwomba radhi hakijaitishwa mpaka naandika hapa.

Wataalamu, nilipokosea bailojia nirekebisheni. Kuhusu adabu msijisumbue.