Fundi Kesho na Sumaku Yake

Wateja walimpachika dada yangu jina la Fundi Kesho, na wala hawakumwonea. Nguo imeisha Jumatatu, ukiijia Ijumaa bado anapapasa pindo kwa vidole akitafuta pini. Akimaliza ananigeukia: "Mdogo wangu, haina pini?" Namjibu haina. Anaanza upya. Siku nyingine anafumua pindo lote.

Tunashona chumba kimoja, cherehani mbili, mwaka wa tisa huu. Mwanzoni nilimhurumia, baadaye nikamgombeza, mwisho nikafa ganzi. "Haina" ilinitoka tu, hata macho siinui. Nikajifanya mjanja, nikamnunulia sumaku, ile ya kuokotea pini sakafuni, nikasema yamekwisha. Yamekwisha wapi? Akawa anaipitisha juu ya kila nguo, kisha juu ya gauni lake mwenyewe, kisha juu ya mikono yake.

Binti yake alipojifungua, dada alisimama mlangoni akimtazama mjukuu. Miezi minne hakumshika. "Nitamchoma," alisema. Binti akadhani mama yake hampendi mtoto, akaacha kuja. Ndipo nilipomburuta dada hospitali.

Daktari wa magonjwa ya akili, mama mmoja mpole, alisema huo ni ugonjwa na una tiba. Wazo linamganda, linamtia hofu, anakagua ili hofu itulie, na hofu inarudi imenenepa. Akampa vidonge na zoezi: akague mara moja, akabidhi nguo, akae na hofu yake mpaka ishuke yenyewe. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe usimjibu tena. Kila ukisema haina, unaulisha ugonjwa."

Miaka tisa nimeulisha kwa mkono wangu. Nilingoja niumie, sikuumia. Niliwaza tu kama dukani tumefunga dirisha.

Wiki za kwanza dada alinichukia. Aliuliza, nikakanyaga cherehani. Alilia, nikakanyaga. Wiki ya saba sketi kumi na mbili za shule zilitoka siku ileile tuliyoahidi, na mteja mmoja akaniuliza fundi mpya tumempata wapi.

Jana nilimpigia simu binti yake, akaja na mtoto. Dada alikuwa amevaa gauni lake la kazi. Alitupa jicho mezani, sumaku hakuiona. Ilikuwa kwenye mkoba wangu.

"Mdogo wangu," akaanza, "gauni hili halina..."

Nikainamia kitambaa changu, naogopa kuliko yeye. Alisimama muda mrefu, jasho linamtoka, halafu akanyoosha mikono. Binti yake akamkabidhi mtoto, na mtoto akalaza kichwa begani pake. Dada hakumrudisha.

Mimi niliendelea kukanyaga cherehani. Nilipofika mwisho wa pindo ndipo nikaona kwamba sindano haikuwa na uzi.